Neno "tu" katika vyumba vyetu vya matibabu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, wiki mbili zilizopita, aliandika kwamba foleni za vituo vyetu vya afya zingepungua kama wauguzi wangewarudisha nyumbani watu wasio na ugonjwa, yaani wale ambao damu yao imepimwa ikaonekana safi, na bado wanarudi kulalamika kichwa, mapigo ya moyo, tumbo na uchovu usioisha. Kwa maneno yake, watu hao "wana mawazo tu". Kuhusu foleni sina ugomvi naye. Nimezihudumia kwa miaka 26 hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kabla ya kustaafu, na najua muuguzi anavyochoka ifikapo saa nane mchana huku benchi likiwa bado limejaa. Ugomvi wangu ni juu ya neno moja dogo alilolitumia, ambalo mimi pia nimelitumia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, nalo ni hilo "tu".

Nianze na kosa langu mwenyewe. Alikuwapo mama mmoja mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, ambaye alifika kituoni kwetu karibu kila baada ya wiki mbili. Kama ilivyo desturi yetu Uganda, alikuja na daftari la shule lililogeuzwa kuwa kumbukumbu za matibabu, na daftari hilo lilikuwa limejaa: malaria hakuna, lakini dawa ya malaria alipewa, homa ya matumbo, vidonge vya wiki mbili, vidonda vya tumbo, vidonge vingine, kisha sindano za maumivu mara nne, kwa mwandiko wa watu wanne. Malalamiko yake hayakubadilika. Karibu na alfajiri, akisubiri lori la samaki, moyo ulianza kwenda mbio, kifua kikabana, midomo ikafa ganzi, vidole vikachomachoma kana kwamba siafu wanapita juu yake, naye akawa na yakini kwamba anakufa. Siku hiyo nilipekua kurasa zake zote, nikamwambia kwa sauti niliyodhani ni ya kumtuliza, "Mama, vipimo vyako vyote ni safi. Huna kitu, ni mawazo tu." Alilifunga daftari polepole, akalirudisha ndani ya kavera, mfuko wa plastiki alimolihifadhi lisilowe, akaniuliza, "Kwa hiyo, sista, mimi ninadanganya?" Sikuwa na jibu. Hakurudi kwa miezi minne.

Aliporudi nilikuwa nimekwisha kuhudhuria mafunzo kazini ambayo, kwa bahati njema, yaligusia jambo la pumzi. Baada ya kumpima presha na kuusikiliza moyo wake, nilimketisha nikamwomba apumue kwa haraka na kwa nguvu huku nikiitazama saa ya ukutani. Dakika haijatimia alishika ukingo wa meza akasema, "Ndiyo hii, sista! Ndiyo hii yenyewe!" Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa. Nikamwekea mkono wake mwenyewe juu ya tumbo, nikamwambia avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kama anayepoza chai, na baada ya dakika chache ganzi ilimwachia. Alicheka, kisha akalia kidogo. Anayepumua kupita mahitaji ya mwili huondoa kabonidioksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa tunapopumua, nyingi mno katika damu. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana, kizunguzungu kikaja, na mabadiliko hayohayo ya damu huzifanya neva za midomo na vidole zichomechome. Kila dalili iliyoandikwa katika daftari lile ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ambayo ingeonekana kwenye kipimo cha malaria.

Swali lililobaki ni kwa nini mtu apumue hivyo akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akingoja lori. Nilipomwuliza, nilijifunza kwamba Alhamisi ilikuwa siku ya kulipa kikundi cha mkopo, kwamba mumewe aliyekwenda Juba alikuwa hajatuma kitu tangu Pasaka, na kwamba kila simu ilipolia gizani alijua ni mweka hazina wa kikundi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo kazi yake kubwa ni kunusa hatari kabla hatujapata muda wa kufikiri. Haina subira ya kutofautisha lori lililokosa breki na ujumbe wa deni. Ikishatoa ilani, sehemu nyingine iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi, huamsha neva na tezi zilizokaa juu ya figo. Adrenalini humwagika katika damu, moyo huongeza mwendo, pumzi huongezeka, damu hupungua tumboni ikaelekezwa kwenye misuli ya miguu. Mmarekani Walter Cannon alikwisha kuyaeleza maandalizi haya ya kupigana au kukimbia mwaka 1915. Ubaya ni kwamba mama yule hakuwa na wa kupigana naye wala mahali pa kukimbilia. Alibaki juu ya ndoo yake, mwili mzima ukiwa tayari kwa mbio zisizokuwapo.

Ilani hiyo ikilia mara moja, haidhuru. Ikilia kila usiku kwa miezi, homoni nyingine ya tezi hizohizo, kortisoli, huendelea kupandisha sukari katika damu, huvuruga usingizi na kudhoofisha kinga. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza, ambamo watu 394 wenye afya njema walikubali kutiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa na msongo mkubwa wa mawazo waliambukizwa zaidi kuliko waliotulia. Virusi walitiwa wote. Kilichotofautiana ni hali waliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Nadhani shule imetupotosha kidogo kuhusu ubongo. Tumezoea kuutaja pale tu mtoto anapofeli hesabu, kana kwamba ni chombo cha kufanyia mitihani, ilhali mitihani ni sehemu ndogo ya shughuli zake. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo moja na theluthi, yaani kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Sehemu kubwa ya kazi yake hatuioni: kuendesha pumzi, kupima joto, kutuamuru kunywa maji, kupandisha na kushusha presha tunapoinuka kitini. Wazee wetu waliotuachia lugha hii waliyajua mengi bila darubini. Tunasema moyo umenienda mbio, roho iko mkononi, damu imenichemka, na vijana wa upande wa pili wa mpaka husema "tumbo joto" kwa mtu aliyeshikwa na hofu. Hiyo tumbo joto ina ukweli wa kimwili, kwa kuwa utumbo una neva zake zaidi ya milioni 100, zinazozungumza na ubongo kwa njia ya neva ndefu inayoshuka shingoni hadi tumboni. Na mwanafunzi anayekimbilia chooni asubuhi ya mtihani hahitaji kushawishiwa na mimi.

Kuna hata hivyo mahali ambapo lugha yetu ya kila siku imetuponza, nalo ni neno presha. Watu wengi husema "amenipandisha presha" wakimaanisha amenikasirisha, na kutokana na hapo huamini kwamba presha ni hasira yenyewe. Nimekutana na wazee waliokuwa wakimeza dawa wakati wa kesi ya shamba, kesi ilipokwisha wakaziacha, wakisema sasa mioyo yao imetulia. Ni kweli kwamba ubongo huongeza presha kwa muda. Ndiyo maana ni kosa kumpima mtu aliyetoka kugombania nafasi kwenye foleni, na inapasa aketi kimya angalau dakika tano kwanza. Wapo hata ambao hupanda kwa kuliona koti jeupe tu na kushuka wakifika nyumbani. Lakini ugonjwa wa presha ni jambo jingine: kwa kawaida hauna dalili yoyote, hukaa mwilini mwa mtu mcheshi na mpole kama unavyokaa mwilini mwa mkali, na ndio chanzo kikuu cha kiharusi, ambacho ni kuziba au kupasuka kwa mishipa ya damu ya ubongo wenyewe. Mzee mmoja niliyemsihi sana arudie vidonge vyake alinijibu kwamba hana adui tena. Aliletwa kwa bodaboda miezi michache baadaye, akiwa katikati ya vijana wawili, mkono na mguu wa kulia haviitiki.

Kwa sababu hiyo nisieleweke kwamba natetea kila maumivu yahesabiwe kuwa ya mawazo. Historia ya vidonda vya tumbo inatosha kutuonya. Kwa miaka mingi madaktari wa ulimwengu mzima waliwaambia wagonjwa wa vidonda kwamba chanzo ni wasiwasi na vyakula vikali, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipoonyesha kwamba mkosaji mkubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kwa kuwa hawakusadikiwa, mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi tunajua pia kwamba dawa za maumivu zinazomezwa ovyo huchubua tumbo, jambo linalonifanya nilikumbuke tena daftari la mama wa mukene na sindano zake nne. Kipimo kina nafasi yake. Mtu mwenye moyo unaokwenda mbio anaweza kuwa amepungukiwa damu, au tezi ya shingo imezidisha kazi, na muuguzi anayerukia mawazo kabla ya kupima ni hatari sawa na yule anayepima damu na kuishia hapo.

Nimetaja sindano, na hapa msomaji aniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu katika nchi yetu sindano ina heshima kuliko daktari aliyeiandika. Mgonjwa akipewa vidonge huondoka ananung'unika; akidungwa, hata kama ni dawa ileile, anashuka kitandani akisema amepata nafuu kabla dawa haijapata muda wa kufika popote. Zamani nilicheka. Sasa najua kwamba nafuu ile mara nyingi ni ya kweli na kwamba ubongo ndio ulioitoa. Mwaka 1978 watafiti watatu wa San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields, walichunguza watu waliotoka kung'olewa magego. Baadhi yao walidungwa kitu kisicho na dawa ndani, na miongoni mwa hao wapo waliopata nafuu. Watafiti walipotumia dawa iitwayo naloksoni, ambayo huzuia nguvu ya mofini, nafuu hiyo iliondoka. Kumbe ubongo, ukiamini kwamba msaada umefika, hutengeneza vitu vya jamii ya mofini kwa matumizi yake wenyewe.

Wapo watakaosoma hayo na kusema, basi tuwadunge maji. La. Kumdanganya mgonjwa ni kumvunjia heshima, na sindano isiyohitajika si mchezo: hapa Uganda wapo watoto wanaochechemea kwa sababu sindano ya kwinini iliyodungwa vibaya makalioni iligusa neva ya mguu. Ninachosema ni kwamba, ikiwa matarajio huweza kupunguza maumivu, matarajio huweza pia kuyaongeza, na mtu wa kwanza kuyagusa ni yule aliyeketi nyuma ya meza. Muuguzi anayesema "dawa hii itaanza kukusaidia kuanzia kesho kutwa, rudi uniambie" amekwisha kuanza matibabu. Anayesema "huna kitu" ameacha ubongo wa mgonjwa na fumbo, nao hautulii na fumbo. Utatafuta jibu kwa jirani, kwa muuza dawa wa sokoni, kwa mchungaji au kwa mganga, na wote hao watampa ugonjwa wenye jina. Wanachompa kuliko sisi, mara nyingi, ni kumsikiliza mpaka amalize.

Usingizi nao tumeufanya kuwa mambo ya wavivu. Mpakani hapa, na zaidi Malaba kwa wenzetu, yapo malori yanayosubiri usiku kucha, na pembeni yake ipo biashara nzima ya kuwafanya watu wasilale: chai ya rangi, mairungi (yaani miraa), redio na taa. Dereva hutafuna mairungi ili afike, kisha hunywa waragi ili alale, bila kujua kwamba pombe humwangusha mtu mapema lakini humvurugia nusu ya pili ya usiku, hivyo akaamka saa tisa mdomo umekauka na moyo unagonga. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Katika saa hizo presha hushuka, kumbukumbu za mchana hupangwa, na homoni za njaa na shibe huwekwa sawa, ndiyo maana aliyekesha huamka akitamani chapati na soda hata kama alikula vizuri jioni. Juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana pamekaa saa ya mwili, kijisehemu kidogo cha ubongo kinachosomea majira kwenye mwanga. Mwanga wa asubuhi hukirekebisha. Mwanga wa simu iliyoshikwa karibu na uso usiku wa manane hukidanganya. Mama yule wa mukene aliamka saa tisa usiku kwa ajili ya lori, lakini alikuwa akilala saa sita kwa sababu ya simu na hesabu za deni, na saa tatu za usingizi hazimtoshi mtu yeyote. Sikuwa na dawa ya lori. Simu tulikubaliana ilale sebuleni, na dada yake ampigie kwa simu ya jirani pakiwa na dharura.

Watakaokataa bado kwamba ubongo huweza kuutia ugonjwa mwili ambao maabara haiuoni na kasoro wanaweza kukumbuka kilichotokea ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka na kushindwa kujizuia, wakicheka na kulia kwa saa kadhaa, wengine kwa siku. Kabla shule haijafungwa mwezi Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hali hiyo ikafuata wanafunzi mpaka vijijini kwao. Walipimwa, chakula kikachunguzwa, hakuna sumu wala kijidudu kilichopatikana. Watoto wale hawakuwa waongo. Walikuwa mabinti wa shule ya bweni yenye nidhamu kali, katika nchi iliyokuwa imepata uhuru majuma machache tu nyuma. Shule zetu wenyewe hazijakosa visa vya namna hiyo, nasi kwa kawaida huita wachungaji kwanza, kisha polisi.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba Uganda ilikwisha kuuonyesha ulimwengu njia, sisi wenyewe tukasahau. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, maeneo yaliyokuwa yameumizwa sana na UKIMWI. Watafiti hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza wanavijiji wanaitaje huzuni isiyokwisha, na moja ya majibu lilikuwa la Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia. Katika nusu ya vijiji hivyo waliounda vikundi walikutana kwa dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo mafupi. Hawakupewa kidonge. Walizungumzia msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwisho wa wiki hizo, waliobaki na dalili za ugonjwa wa sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi asilimia 54.7. Kabla ya kuanza, pande zote mbili walikuwa zaidi ya asilimia 80. Kama kidonge kingepata tofauti hiyo, tungelisikia jina lake redioni kila asubuhi.

Wazimbabwe wanafanya jambo lililo karibu na hilo. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake wamekuwa wakiwafunza bibi wazee wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Neno la Kishona wanalolitumia kwa ugonjwa huo ni kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Yaani ni "mawazo" yetu haya haya, isipokuwa wao wameliondoa "tu".

Kwetu mtu hutajiwa Butabika, na hapo mazungumzo yamekwisha. Hospitali hiyo ya taifa ya magonjwa ya akili inafanya kazi kubwa, nami nimewapeleka wagonjwa huko waliorudi wazima. Lakini jina lake limekuwa tusi la watoto barabarani, na mwenye deni na mapigo ya moyo hawezi kukubali kwamba mahali pake ni huko, na kwa kweli si huko. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, tunazo timu za afya za vijiji ambazo tayari hupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za vyandarua na chanjo za watoto. Sioni kwa nini timu hizo zisifundishwe pia kuuliza habari za usingizi, wala kwa nini kituo cha afya cha daraja la tatu kisiwe na siku moja kwa wiki ya kikundi cha mazungumzo chini ya mwembe, ambao kila kituo ninachokijua kinao.

Gazeti lako nalo, Mhariri, lina sehemu yake. Katika kambi za polisi na jeshi, katika masoko ya mpakani na miongoni mwa ndugu zetu waliotoka Kongo, Kiswahili ndicho lugha ambayo mgonjwa na muuguzi wa makabila tofauti hukutania, na mgonjwa huweza kusema tu yale ambayo lugha hiyo imempa maneno yake. Sonona lipo, msongo wa mawazo upo, wahaka upo. Nimetafuta katika matoleo yako ya miezi mitatu, nikalikuta "kichaa" mara saba na "sonona" halipo hata mara moja.

Narudi kwa msomaji mwenzangu na foleni yake, kwa sababu ni haki yake kuniuliza muda huo wote tutautoa wapi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole, huhitaji takriban dakika 15 hadi 20 kabla ya kusomwa. Katika miaka yangu ya kwanza nilizitumia dakika hizo kumtoa mgonjwa nje akasubiri benchini. Katika miaka ya mwisho nilimwacha kitini, nikaendelea kuandika daftari la mgonjwa aliyetangulia, na bila kuinua kichwa nikamwuliza, "Jana ulilala saa ngapi, na ni nini kilikuamsha?" Mistari ya kipimo ilipotokea, mara nyingi nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mtu huyu hatarudi baada ya wiki mbili na malalamiko yaleyale.

Wako mwaminifu,

Muuguzi mstaafu,
Busia, Uganda